Mkunga Aliyelikataa Neno

Kisa, kisa!

— Kije tukipokee!

Kije kwa miguu au kije kwa kutambaa?

— Kije kama kilivyo!

Basi kinakuja. Sogeeni, msinipe migongo. Wewe uliyeshika hindi, tafuna polepole, nisije nikashindana na taya zako.

Zamani hizo, enzi za bibi wa bibi yangu, milima ilipokuwa ingali ikigombania pa kukaa na fisi akiwa hajajifunza kucheka, palikuwa na mji juu ya mgongo wa mlima. Mji huo ukiitwa Kwemivumo. Watu wake walikuwa wachapa kazi. Walilima mahindi, walilima maharage, walilima viazi vikuu kwenye miteremko ambayo mbuzi mwenyewe huipanda kwa kusitasita. Walikuwa na Jumbe wao, Mbwego, mtu mzito wa mwili na mwepesi wa hofu. Walikuwa na mpiga ramli, Ngwasho, mwembamba kama ufito, aliyekuwa na kikohozi cha kukatizia maneno ya wenzake. Na walikuwa na mkunga, Bi Mkiwa. Huyo Mkiwa ndiye mwenye kisa.

Mikono ya Mkiwa ilikuwa imepokea nusu ya mji. Akipita njiani aliwajua watu kwa namna walivyoingia duniani: huyu alitanguliza miguu, yule alikuja kajizungushia kitovu shingoni, yule pale alitoka akipiga kelele kabla mabega hayajafuata, na mpaka leo hajanyamaza. Watu walimpenda. Watu walimwogopa pia. Walimpenda kwa kazi yake ya kwanza, wakamwogopa kwa kazi yake ya pili.

Kazi yake ya pili ilikuwa kutazama meno.

Mnajua nyie, watoto wengi huota meno ya chini kwanza. Lakini mmoja mmoja, mara moja moja, huanza na ya juu. Si ugonjwa. Si kosa. Ni jambo lisilo la kawaida, basi. Na jambo lisilo la kawaida, wanangu, watu hawawezi kukaa nalo mpaka walipe jina. Kwemivumo walilipa jina: kigego.

Nimelitamka taratibu makusudi. Zamani hizo halikutamkwa ovyo. Hukulitamka jikoni, hukulitamka shambani, hukumwita mwenzako hivyo hata kwa hasira. Lilikuwa neno la mtu mmoja tu, mkunga, naye alilipokea kwa mama yake, na mama yake kwa bibi yake. Na sikilizeni hapa, maana hapa ndipo penye shina: mtoto hakuwa kigego kwa sababu ya jino. Alikuwa kigego kwa sababu ya neno. Jino lingeweza kuonekana na baba, likaonekana na shangazi, likaonekana na mji mzima, na bado mtoto akabaki mtoto. Mpaka mkunga asimame uwanjani aseme mara tatu. Ya kwanza kwa mji. Ya pili kwa wazee waliolala chini. Ya tatu kwa mama. Akishasema ya tatu, mama alinyoosha mikono, mtoto akachukuliwa, akapelekwa Korongo la Kimya. Na hakurudi.

Hawakusema ameuawa. Walisema "amerudishwa."

Msinitazame hivyo. Sikuitunga mimi sheria hiyo. Na mtu akiwaambia ya kale yote ni dhahabu, mwambieni bibi kasema akachimbe tena.

Na aliyempeleka mtoto korongoni ni nani? Mkunga huyo huyo. Mikono iliyompokea ndiyo iliyomrudisha. Mkiwa alilisema neno lile mara sita katika miaka ishirini na miwili. Mara ya kwanza alitapika nyuma ya nyumba yake. Mara ya pili hakutapika, ila hakula. Mara ya tatu alikula. Mnaona jinsi inavyokuwa? Ubaya ukiurudia huwa kama njia ya kisimani: miguu inakwenda yenyewe.

Wa sita alikuwa mtoto wa kiume wa mwanamke aitwaye Mwanjaa. Siku ile Mwanjaa alimshika Mkiwa miguu hapo hapo uwanjani, mbele ya watu.

"Bi Mkiwa, nipe siku nne tu. Ya chini yanakuja. Papasa, utayasikia, yanakuja! Siku nne."

Mkiwa alimjibu, "Neno halina siku, mwanangu."

Akalisema mara tatu.

Tangu hapo ilipita miaka minne. Kila asubuhi walikutana kisimani. Kila asubuhi Mkiwa alisema, "Umeamkaje, Mwanjaa?" Kila asubuhi Mwanjaa alijitwika mtungi wake akaondoka bila kujibu.

Sasa, Mkiwa alikuwa na mtoto mmoja, binti yake Sikujua. Huyu aliolewa na Mhando, mfuga nyuki, wakakaa miaka minane bila mtoto. Miaka minane ya dawa chungu, miaka minane ya wifi kuguna. Mwaka wa tisa akapatikana mtoto wa kike. Mkiwa alimpokea kwa mikono yake, akamtazama, akamwita Mboni, maana alisema, "Huyu ndiye nitakayeonea."

Mboni alipofika miezi saba, mvua ilikataa. Mawingu yalikuja yakajipanga, yakatazama, yakaondoka. Mahindi yaliinuka mpaka magotini yakajikunja. Watu walianza kuulizana, na watu wakianza kuulizana, Ngwasho huwa na jibu. Akapiga ramli kwa Jumbe, akakohoa, akasema, "Kuna mtoto amefichwa. Vinywa vyote vitazamwe."

Jumbe Mbwego akapitisha mbiu: baada ya siku mbili, jua likishapanda, kila mama aliye na mtoto wa ziwa amlete uwanjani. Bi Mkiwa atapapasa.

Asubuhi iliyofuata Mkiwa alikuwa akianika mizizi yake juani. Akamwona binti yake anakuja mbio, kanga imefungwa upande, mtoto kambeba mbele badala ya mgongoni.

"Kuna nini?"

"Mama, ananiuma."

"Watoto wote huuma."

"Mama." Sikujua akamgeuza mtoto uso. "Ananiuma kwa juu."

Mkiwa akanawa mikono. Alinawa kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Akaingiza kidole chake cha shahada katika kinywa cha mjukuu wake. Kile kidole kilikuwa kimezoea. Kikapita fizi za chini: laini, tupu. Kikapanda juu. Hapo kikagota. Kitu kidogo, kigumu, mfano wa punje ya mtama. Na Mboni, asiyejua lolote, akacheka na kukinyonya kidole cha bibi yake.

Mkiwa akakaa chini. Hakukalia kigoda, alikaa mavumbini.

Mhando naye akafika, anahema, ameuacha mzinga wazi. "Mkwe wangu," akasema kwa adabu, macho chini, kama inavyompasa mtu kwa mama mkwe wake, "nimefikiri hivi. Tuondoke leo twende kwa wajomba zangu, ng'ambo ya mto."

"Watawafuata. Ngwasho atapata alichokuwa anakitafuta."

"Basi ling'oe!" Sikujua akasema. "Una mikono, Mama. Ling'oe!"

"Ufizi utabaki na jeraha. Wataliona."

"Basi papasa useme huna ulichokiona. Wewe ndiye unayepapasa! Nani atakubisha? Utaingiza kidole, utatoa kidole, utasema 'safi', basi. Siku nne tu, Mama. Ya chini yanakuja, nayasikia kwa kidole. Siku nne."

Eeh, wanangu. Maneno yale yale. Siku nne.

Mkiwa alimtazama binti yake akamwona Mwanjaa. Akamwona kwa mara ya kwanza. Miaka minne alikuwa akimsalimu kisimani na hakuwa amemwona.

Kusema uongo kulikuwa rahisi. Naapa kulikuwa rahisi! Kidole ni chake, neno ni lake. Mboni angepona. Na mwaka ujao? Mwaka ujao angeletwa mtoto wa mwingine, na Mkiwa angesimama uwanjani, kidole hicho hicho, aseme mara tatu, hali mjukuu wake anacheza nyumbani. Alilifikiria hilo. Akaikumbuka ile mara ya kwanza, nyuma ya nyumba yake.

"Mpeni uji," akasema, akasimama, akajikung'uta. "Kesho mleteni uwanjani kama wenzenu."

"Mama!"

"Nimesema mleteni."

Akatoka. Hakwenda kwa Jumbe. Hakwenda kwa Ngwasho. Alikwenda kwa Mwanjaa.

Mwanjaa alikuwa anatwanga. Alimwona Mkiwa anaingia uani, akaendelea kutwanga. Pu. Pu. Pu.

"Hodi, Mwanjaa."

Pu. Pu.

"Mjukuu wangu ameota la juu."

Mchi ukasimama hewani. Kisha ukashushwa polepole, ukaegemezwa.

"Basi," Mwanjaa akasema, na hilo lilikuwa neno lake la kwanza kwake baada ya miaka minne, "si unalo neno lako? Liseme."

"Uliniomba siku nne."

"Nilikuomba."

"Nikakwambia neno halina siku."

"Ulisema. Nakumbuka hata ulivyovaa."

"Sikuja kuomba msamaha," Mkiwa akasema. "Sina uso wa kuombea. Nimekuja kukwambia kwamba kesho sitalisema. Nilitaka ulisikie kutoka kwangu kabla ya mji."

Mwanjaa akacheka. Kile kicheko hakikuwa na kicheko ndani yake. "Kwa damu yako hutalisema. Ajabu gani hiyo? Hata kunguru hali kunguru mwenzake."

"Kwa mtoto yeyote. Tena kamwe."

Mwanjaa akamtazama, akamtazama tena. Kisha akauchukua mchi wake. Pu. Pu. Pu. Mkiwa akageuka akaenda zake.

Kukakucha. Jua likapanda. Uwanja ukajaa watu mpaka juu ya mawe. Kina mama kumi na mmoja walikaa mstari mmoja, watoto mapajani. Jumbe Mbwego alikuwa kitini pake, Ngwasho ubavuni kwake anakohoa. Mkiwa akatokea. Amevaa kaniki yake ya kazi, kiunoni kisu chake kidogo cha kukatia vitovu.

Akapapasa wa kwanza. "Hana kitu." Akapapasa wa pili. "Mawili ya chini. Mzima." Wa tatu, wa nne, wa tano. Kila alipotoa kidole, mama mmoja alishusha pumzi. Akafika kwa wa kumi na moja. Sikujua alikuwa anatetemeka hata mtoto akadhani anachezeshwa.

Mkiwa hakuingiza kidole. Alimchukua Mboni, akamwinua juu uso ukielekea watu, akaubetua mdomo wa juu kwa kidole gumba.

"Tazameni," akasema. "Jino. Tena la juu. Aliye mbali asogee, asije akasema hakuona."

Uwanja ukaguna kama nyuki wa Mhando waliopigwa moshi.

Jumbe akajifuta jasho. Hakupenda mambo haya, tuseme ukweli. Alipenda yaishe. "Bi Mkiwa, tunakupa pole. Ni mjukuu wako, tunajua. Sheria haichagui. Sema neno."

"Sisemi."

"Unasemaje?"

"Nasema sisemi, Jumbe. Husikii, au nipaze sauti?"

Mtu hakumjibu Jumbe vile. Mwanamke hakumjibu Jumbe vile. Mkiwa alimjibu.

Ngwasho akasimama, akakohoa. "Mji unakauka! Mahindi yanakufa! Mama huyu anajua anachokifanya? Kigego ni..."

"Eeh!" Mkiwa akamkata, na ilikuwa mara ya kwanza mtu kumkata Ngwasho badala ya kukatwa naye. "Kigego ni nini? Endelea. Mnanitaka niseme neno, basi niambieni maana yake kwanza. Sitaki kusema nisichokijua."

"Kigego ni ukame," Ngwasho akasema.

"Uongo," akadakia mzee mmoja kutoka nyuma, "kigego ni mtoto anayemla baba yake. Ndivyo nilivyofunzwa."

"Kigego huleta nzige," akasema mama mmoja kwa woga.

"Huvunja nyumba," akasema mwingine. "Akiuma mti, mti hukauka."

"Mmemaliza?" Mkiwa akauliza. "Ukame. Kifo cha baba. Nzige. Mti mkavu. Neno moja, maana nne, na kila mmoja anaapa kwa yake. Haya, mimi ndiye niliyepewa neno hili. Nililipewa na mama yangu, aliyepewa na mama yake, nikiwa nimekaa miguuni pake. Na siku aliponipa nilimuuliza maana. Mnajua alinijibu nini? Alisema: 'Gego ni jino. Kigego ni kijino. Basi.' Kijino! Hilo ndilo neno mnalolitetemekea. Hayo mengine mmeyatia nyie, mwaka kwa mwaka, kama watu wanaotupa taka kwenye shimo moja halafu wanashangaa shimo linanuka."

"Ulijua?" Sauti ikatoka katika umati, sauti ya mwanamume. "Ulijua ni kijino, na bado ukalisema juu ya mwanangu?"

Mkiwa hakukwepa. "Nilijua. Nikalisema juu ya mwanao, Nyange. Nikalisema juu ya mwana wa Chausiku. Nikalisema juu ya binti wa Ngoda, na mwana wa Kolo, na binti wa marehemu Mashaka. Nikalisema juu ya mwana wa Mwanjaa. Sita. Nilikuwa na maana yake mdomoni nikaitumia kwa maana yenu, kwa sababu nilikuwa na mji nyuma yangu, na mtu mwenye mji nyuma yake hajioni mwuaji. Neno hilo 'kurudisha' nalo nalirudisha kwenu leo. Niliwaua. Na mwaka wa mwana wa Nyange, mvua ilinyesha? Nyange, ilinyesha?"

Nyange akasema taratibu, "Haikunyesha."

"Mwaka wa mwana wa Mwanjaa tulipata nini?"

"Nzige," wakajibu watu, wengi pamoja, kama waliokurupushwa.

Jumbe Mbwego akapiga fimbo yake chini. Hofu ilikuwa imemgeuka hasira, na hofu ikigeuka hasira huwa na nguvu ya mara mbili. "Basi! Kama mkunga amekuwa bubu, sheria inayo njia. Mkunga akinyamaza, neno linasemwa na mama aliyewahi kurudisha. Ndiyo sheria. Mwanjaa! Mwanjaa yuko wapi?"

Aa, wanangu. Hapo Mkiwa alimshusha Mboni akamkumbatia. Sheria hiyo alikuwa ameisahau, kwa kuwa haijapata kutumika.

Watu wakapisha. Mwanjaa akaja katikati, mikono ina unga wa jana. Kila mtu aliujua ule mwaka. Kila mtu alijua wale wawili hawasalimiani. Ngwasho akatabasamu. Jumbe akatulia kitini.

"Mwanjaa," Jumbe akasema, "wewe ulitii. Ulimtoa wako mji ukiutazama. Haki ni haki. Sema mara tatu, na huyu atoe wake."

Mwanjaa akamfuata Mkiwa. Akanyoosha mikono. Mkiwa hakuwa na la kufanya, akampa mtoto. Sikujua akapiga ukelele mmoja, Mhando akamshika.

Mwanjaa akamkalisha Mboni mkononi. Akaingiza kidole. Akapapasa la juu, muda mrefu, kama mtu anayesoma kwa kidole kitu kilichochorwa gizani.

"Lake lilikuwa hivi hivi," akasema, si kwa sauti kubwa. "Dogo hivi. Hata halikuwa na makali."

"Sema, Mwanjaa," Ngwasho akahimiza.

"Wewe ndiye unayelitaka neno. Njoo unifumbue mdomo ulitoe." Akamgeukia Jumbe. "Miaka minne ninalala nalo neno hilo. Ninaamka nalo. Mnadhani nitawapa bure? Silisemi. Si leo, si kesho." Kisha akamgeukia Mkiwa, macho kwa macho. "Wala sifanyi hivi kwa ajili yako. Sikukusamehe. Usije ukajidanganya."

"Sijidanganyi," Mkiwa akasema.

"Vizuri."

Akamrudishia mtoto. Lakini hakuondoka. Akabaki amesimama pale pale, ubavuni kwake, mkono kiunoni. Chausiku akatoka katika watu akaja kusimama nao, kizee sasa, anatembelea mkongojo. Mke wa Kolo akaja. Na wale kina mama kumi waliokwisha kupapasiwa watoto wao, walioambiwa "hana kitu", walioweza kwenda zao nyumbani wakachemshe maboga, waliinuka mmoja mmoja na watoto wao wakaja.

Jumbe akawatazama. Angewafanya nini? Angewafukuza wote, nani angepalilia? Lakini Jumbe hawezi kuondoka uwanjani mikono mitupu, ndivyo walivyo. Akasema, "Mkiwa, nipe kisu."

Mkiwa akakifungua kiunoni akampa.

"Si mkunga tena. Wewe na binti yako na mkweo na huyo mtoto, tokeni Kwemivumo. Mvua isiponyesha, damu ya mji iko juu yako."

"Iwe juu yangu," akasema Mkiwa. "Nimeshabeba sita. Nina mabega."

Wakatoka mchana huo huo. Na Mkiwa alipokwenda kujenga, mnadhani ni wapi? Ng'ambo ya mto kwa wajomba? La. Alijenga mdomoni mwa Korongo la Kimya, mahali ambapo hakuna mtu aliyethubutu hata kukata kuni. Mhando alimuuliza, "Mama, kwa nini hapa?" Akamjibu, "Ili akija mtu na mtoto, anikute njiani."

Sasa mnataka niwaambie kwamba mvua ilinyesha siku ya pili? Haikunyesha. Ningewadanganya mngefurahi, lakini haikunyesha. Haikunyesha mwezi ule, wala ule uliofuata. Watu walikula mizizi, walichemsha mbegu mara mbili. Ngwasho akapita nyumba kwa nyumba, "Si niliwaambia?" Wapo waliomwamini. Wapo waliokwenda kutupa mawe juu ya paa la Mkiwa, na yeye akatoka nje akayaokota, akajengea jiko. Mboni akaota ya chini, mawili, kisha ya pembeni, akawa anatafuna kila alichopewa, na vilivyopatikana vilikuwa vichache. Babaye hakufa. Miti haikukauka zaidi ya ilivyokauka. Na mvua, siku iliyotaka yenyewe, ikaja ikanyeshea walio juu na walio chini, waliosema na waliokataa.

Lakini kabla ya mvua hiyo kuna jambo lilitokea. Mke wa Jumbe alishikwa na uchungu. Mjini palikuwa na wanawake waliokuwa wakijaribu kuzalisha, ila mtoto alikuwa amekaa kiubavu, na siku ya pili mama alikuwa hawezi tena hata kulia. Adhuhuri, jua la utosi, Mkiwa akaona machela inateremka korongoni. Nyuma ya machela, peku, bila fimbo, Jumbe Mbwego.

Mkiwa akasimama mlangoni.

"Bibi," Jumbe akasema. Hakusema "Mkiwa". "Nakuomba."

"Kisu changu kiko wapi?"

Akakitoa kiunoni kwake. Alikuwa amekuja nacho. Akampa kwa mikono miwili.

"Nitampokea," Mkiwa akasema. "Ningempokea hata usingeomba, maana mama huyu hana kosa. Lakini sikiliza vizuri nisirudie. Mtoto huyu ataota meno. Sijui yatatoka wapi. Yakitoka juu, yakitoka chini, yakitoka kisogoni, neno lile halitasemwa juu yake, na kama halitasemwa juu yake halitasemwa juu ya mwingine. Umesikia?"

"Nimesikia."

"Sema mara tatu."

Naye Jumbe wa Kwemivumo, mbele ya wachukuzi wa machela, akasema mara tatu, "Nimesikia. Nimesikia. Nimesikia."

Mkiwa akaingia ndani, akamgeuza mtoto taratibu, akamtoa mzima. Mama naye alipona.

Hivyo ndivyo sheria ile ilivyokufa. Haikufutwa kwa mbiu. Ngwasho aliendelea kukohoa, lakini watu walianza kumaliza maneno yao. Mkiwa aliombwa arudi mjini, akakataa. Alisema watu wa mjini wakitaka kuzaa wanaijua njia. Wakaizoea ile njia mpaka ikawa pana.

Siku moja, mvua ikiwa imeshaotesha majani, Mwanjaa alishuka peke yake. Hakupiga hodi. Alisimama uani.

"Nionyeshe," akasema.

Mkiwa hakumuuliza nini. Akatangulia, Mwanjaa akafuata, wakapita kwenye magugu mpaka chini ya mwamba mmoja wenye kutu nyekundu. Mkiwa akasema, "Hapa." Kisha akarudi nyuma hatua kumi akageuka asimtazame.

Mwanjaa alikaa pale mpaka kivuli cha mwamba kikahama upande. Alipoinuka alikuwa ameokota kokoto na kupanga duara dogo. "Tangu siku ile sijalitaja jina lake," akasema. "Hamkunipa nafasi. Anaitwa Kheri."

"Kheri," Mkiwa akasema.

Wakapanda pamoja mpaka penye njia panda, hawasemeshani. Pale Mwanjaa akashika njia yake, akaenda hatua chache, akasimama bila kugeuka.

"Umeamkaje, Bi Mkiwa," akasema. Jua lilikuwa linaelekea kuchwa.

"Nimeamka, mwanangu," akajibu Mkiwa.

Wanangu, dunia haikosi jambo lisilo la kawaida. Mtaona kuku anayewika, mtaona mtu mwenye vidole sita, mtaona mtoto asiyefanana na yeyote ukoo mzima. Watu watawaletea neno la kulitupia. Msilipokee hivi hivi! Likamateni, likalisheni chini, liulizeni: maana yako ni nini, na nani amekutuma? Likishindwa kujibu, fungeni midomo yenu, hata kama anayewaamuru ameshika fimbo. Neno halina mikono, linaazima yenu.

Kisa changu nimekitua. Mwenye mabega akibebe, mwenye miguu akipeleke, na asiyekitaka apishe njia wenzake wapite nacho.

— Tumekibeba, Bibi!